Kisima kipya hakileti maji mapya

Ukame ukibisha hodi siku hizi, jibu liko tayari: chimbeni visima. Bei ya paneli za sola imeporomoka, mitambo ya kuchimba imekuwa mingi, na pampu iliyokuwa ikinywa dizeli kutwa nzima sasa inazungushwa na jua. Serikali, mashirika ya misaada, makampuni ya kilimo na watu binafsi wote wamo katika mbio hizo, na ripoti zao zinafanana: visima kadhaa vimechimbwa, watu kadhaa wamefikiwa. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa uliitenga Siku ya Maji Duniani kwa ajili ya maji ya chini ya ardhi, ukieleza kwamba karibu asilimia 99 ya maji baridi yote yaliyo katika hali ya kimiminika yamo humo. Tangu hapo takwimu hiyo inarudiwa kila mahali kana kwamba ni kibali cha kuchimba.

Nadhani jambo hili tumelielewa kichwa chini miguu juu. Tunayazungumzia maji ya ardhini kama akiba iliyotulia ikimsubiri mwenye mtambo, ilhali ni maji yaliyo safarini. Kila lita inayovutwa na pampu ilikuwa na mahali inakoelekea. Kisima hakizalishi maji, kinayageuzia njia. Ukilikubali hilo, mambo matatu ambayo huwa tunayajadili kwenye vikao tofauti, yaani uhaba, uchafuzi na ardhi kuzama, yanageuka kuwa jambo moja.

Tuanze na yanavyokaa. Wengi hudhani huko chini kuna ziwa, au mto unaopita gizani. Mito ya namna hiyo ipo, hasa kwenye mapango ya miamba ya chokaa, lakini sehemu kubwa ya maji hukaa katika vitundu vidogo baina ya punje za mchanga na kokoto, au ndani ya nyufa za mwamba mgumu. Mvua ikinyesha, nyingi hurudi angani au huteremka mtoni. Kinachobaki hupenya udongo na kushuka hadi kina ambacho kila kitundu kimejaa, na hapo ndipo ulipo usawa wa maji. Usawa huo haujalala bapa: kwa kawaida huinuka chini ya vilima na kuinama kuelekea mabondeni, na mwinamo huo ndio unaoyasukuma maji. Mhandisi Henry Darcy alilipima jambo hili mjini Dijon, Ufaransa, kwa kupitisha maji kwenye bomba lililojazwa mchanga, akachapisha matokeo mwaka 1856. Kasi ya maji hutegemea mwinamo wa usawa wake na urahisi wa tabaka kuyapitisha. Kanuni ni fupi, ila matokeo yake yanatofautiana kupita kiasi. Kwenye kokoto maji yanaweza kwenda mita kadhaa kwa siku, kwenye mchanga mwembamba sentimita kadhaa, na ndani ya udongo wa mfinyanzi mwaka mzima unaweza kupita yakiwa yamesogea kidogo mno. Katika mapango ya chokaa yanaweza kumaliza kilomita nzima kwa siku.

Safari hiyo ina mwisho, na mara nyingi mwisho wake uko juu ya ardhi, tunauona kila siku bila kuutambua. Vilima vya Chyulu, kusini mwa Kenya, hupata mvua lakini havina mito ya kudumu. Maji hupotelea kwenye mawe ya volkano yenye matundu na kuibuka makumi ya kilomita mbali, katika chemchemi za Mzima ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, ambako viboko wanaishi na bomba huchukua sehemu ya maji hayo mpaka Mombasa. Mto unaoendelea kutiririka wiki nyingi baada ya mvua ya mwisho, pasipo theluji wala bwawa, unalishwa na ardhi. Vinamasi vingi navyo ni hivyo hivyo, na miti inayobaki kijani katikati ya kiangazi pia.

Mwaka 1940 Mmarekani Charles Theis, mtaalamu wa maji ya ardhini, alieleza jambo ambalo hadi leo halijaingia vichwani mwa wapanga mipango wengi. Kabla ya kisima, tabaka lenye maji huwa na uwiano wake: kwa wastani wa miaka mingi, yanayoingia ni sawa na yanayotoka. Ukianza kuvuta, maji unayoyapata hayana budi kutoka sehemu tatu tu: kwenye akiba ya tabaka lenyewe, kwenye ongezeko la maji yanayoingia, au kwenye pungufu la yale yaliyokuwa yakitoka. Mwanzoni kisima hula akiba, na usawa wa maji kukizunguka unabonyea. Kadiri miaka inavyokwenda, mbonyeo huo unatanuka hadi uufikie mto au chemchemi, na kuanzia hapo pampu inavuta maji ya watu wengine. Ndiyo maana hoja inayosikika ya busara, kwamba tuvute kiasi kile kile ambacho mvua inarudisha, ina shimo ndani yake. Kiasi hicho chote kilikuwa tayari na wenyewe. Ukikichukua chote, hesabu ya akiba inaweza kukaa sawa kabisa huku chemchemi zimekauka zote. Methali ya chovya chovya humaliza buyu la asali inaonya vizuri, lakini hata yenyewe inachukulia kwamba asali imetulia buyuni mpaka mtu achovye. Buyu hili linavuja tangu zamani, na kuna wanaoishi kwa uvujaji wake.

Ubaya zaidi ni kwamba deni hilo huchelewa kudaiwa. Kisima kilicho kilomita kadhaa kutoka mtoni kinaweza kuchukua miaka, hata makumi ya miaka, kabla athari yake haijaonekana kwenye maji ya mto. Mto ukikauka, lawama huangukia mvua, miti iliyokatwa na mabadiliko ya tabianchi, na wakati mwingine lawama hizo ni za haki. Visima havitajwi, kwa sababu vilichimbwa zamani na havijawahi kukauka.

Wanaotetea uchimbaji wana hoja nzito, na sitaki kuzipuuza. Karibu nusu ya maji ya majumbani duniani hutoka ardhini, pamoja na takriban robo ya maji yote ya umwagiliaji. Maji hayo yako karibu na mtumiaji, hayavukizwi na jua kama ya bwawa, na hayakauki kwa msimu mmoja mbaya. Pampu ya mkono inayohudumia familia kadhaa huvuta kiasi kidogo sana, na mahali pengi ni vigumu kuona ingeliathiri vipi tabaka. Mtu anayeteka kwenye dimbwi moja na mifugo hana sababu ya kungoja wataalamu wamalize mjadala. Na kuna mahali ambapo kuvuta maji huongeza maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu Bangladesh ulionyesha kwamba wakulima wanapovuta maji kiangazi, wanaacha nafasi ardhini ambayo masika huijaza kwa maji ambayo yangeteremka baharini kama mafuriko. Ndani ya miaka 30 hivi, kati ya 1988 na 2018, nafasi hiyo ilinasa kilomita za ujazo kati ya 75 na 90. Hiyo ni hoja ya kweli, na inakwenda sawa na Theis: maji ya ziada yaliyoingia yalichukuliwa kutoka kwenye mafuriko. Swali ni kama kila mahali pana mafuriko ya kunaswa na udongo wa kuyanasa. Makutapora, karibu na Dodoma, ambako vipimo vya kina cha maji vilirundikwa kwa miaka 55, ardhi haijazwi na mvua ya kila mwaka. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, na kati ya msimu mmoja wa namna hiyo na mwingine usawa wa maji unashuka tu. Anayepima kisima mwaka mmoja baada ya gharika na kutangaza kwamba maji ni ya kutosha anapima bahati.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya namba kubwa. Mwaka 2012 watafiti walikadiria kwamba chini ya bara la Afrika kuna maji yapatayo kilomita za ujazo 660,000, zaidi ya mara 100 ya maji yanayopatikana upya kila mwaka katika mito na maziwa. Vyombo vya habari vilishangilia. Lakini watafiti hao hao walisema wazi kwamba kiasi kikubwa kimo kwenye mawe ya mchanga ya Afrika Kaskazini, maji ya kale yaliyoingia wakati Sahara ilikuwa na mvua, na kwamba sehemu kubwa ya bara iko juu ya mwamba mgumu ambao kisima chake hutosha pampu ya mkono na si zaidi. Onyo hilo halikupata vichwa vya habari. Mwaka uliofuata Kenya ilitangaza hazina kubwa ya maji chini ya Turkana, na kukawa na maneno ya kutosheleza nchi kwa miongo mingi. Walipochimba Lotikipi, huko huko Turkana, kuthibitisha, maji yalikuwa ya chumvi. Ukubwa wa akiba haukwambii yana ladha gani, yatatoka kwa kasi gani, yalichukua muda gani kufika wala yalikuwa yanamlisha nani. Kujibu hoja ya mtu aliyeuliza juu ya safari kwa kumtajia ujazo ni kukwepa swali.

Upande wa pili nao una wapiga kelele wake, wanaoiona sola kama mkosaji. Kuna ukweli ndani yake: anayelipia dizeli huzima pampu tangi likijaa, na anayetumia jua hana sababu ya kuizima. Breki imeondolewa. Lakini visima vya umeme wa ruzuku na vya dizeli vilikausha matabaka mengi kabla paneli hazijashuka bei, kuanzia nyanda za juu za kati za Marekani hadi kaskazini-magharibi mwa India, nchi inayovuta maji ya ardhini kuliko China na Marekani zikijumlishwa. Ukiipiga marufuku sola utawarudisha maskini kwenye dizeli na wenye uwezo watabaki na gridi.

Uchafuzi ndipo fikra ya akiba iliyotulia inapotudhuru zaidi. Kuna imani kwamba ardhi huchuja kila kitu. Kwa vijidudu imani hiyo ina msingi: katika mchanga mwembamba, bakteria wengi hunaswa au hufa njiani, kwa sababu mwendo ni wa polepole. Kwenye mwamba wenye nyufa au chokaa yenye mapango mwendo ni wa haraka na kichujio hakipo, kwa hiyo shimo la choo lililo mbali kwa macho linaweza kuwa jirani kwa maji. Pampu maarufu ya Broad Street mjini London, iliyosambaza kipindupindu mwaka 1854, ilikuwa kwenye kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka karo la majitaka lililokuwa likivuja. Kemikali zina tabia zao. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ikivuja kutoka kwenye tangi la kituo cha mafuta hutandaa juu ya usawa wa maji, na usawa ukipanda na kushuka kwa msimu, inajipaka kwenye udongo wote wa katikati. Viyeyushi vya klorini vinavyotumika kusafishia vyuma na nguo ni vizito kuliko maji. Huzama, hupita usawa wa maji na kwenda kukaa kwenye mibonyeo ya tabaka gumu, kisha huyeyuka kidogo kidogo kwa makumi ya miaka. Naitreti ya mbolea na vyoo kwa kawaida haishikwi na udongo, husafiri na maji yenyewe. Katika miamba ya chaki ya Uingereza hushuka takriban mita moja kwa mwaka kabla haijafika kwenye maji. Maana yake, mahali ambapo maji yako kina cha mita 40, mkulima aliyeacha kuzidisha mbolea leo hatauona uzuri wa uamuzi wake kisimani mpaka wajukuu wake wawe watu wazima, na wanaokunywa naitreti leo wanakunywa maamuzi ya kizazi kilichopita.

Pampu haiko nje ya mambo haya. Mbonyeo unaotengenezwa na kisima kikubwa hugeuza mwelekeo wa maji ya eneo zima, hivyo uchafu uliokuwa ukielekea kaskazini polepole unaweza kuitwa kusini. Pwani, maji baridi huelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba, na kwa kila mita moja ambayo maji baridi yako juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini yake. Ukiushusha usawa kwa mita moja umeipa chumvi ruhusa ya kupanda mita 40. Haipandi siku hiyo hiyo, na ndiyo maana mwenye hoteli huendelea kuvuta.

Mfano unaopaswa kuwanyamazisha wanaohesabu visima ni Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970 watu walihamishwa kutoka kwenye madimbwi na mito yenye vijidudu vya kuhara na kupelekwa kwenye visima vya bomba vya kina kifupi. Kwa ripoti za wakati ule, mradi ulifaulu mno. Katika miaka ya 1990 ikathibitika kwamba mengi ya maji hayo yana aseniki, sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hakuna kiwanda kilichoimwaga. Ilikuwa imeshikwa kwenye kutu ya chuma iliyopaka punje za mchanga, na mabaki ya mimea yalipokula oksijeni yote ya chini, kutu hiyo iliyeyuka na kuiachia. Mamilioni ya visima vilipimwa na kupakwa rangi, nyekundu kwa hatari na kijani kwa salama, na kisima chekundu mara nyingi kilikuwa ua mmoja na cha kijani. Makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wameshakunywa. Kilichokosekana ni kuuliza maji haya yamepita wapi na yameokota nini njiani, swali lile lile linalopaswa kuulizwa kwenye Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambako mawe ya volkano hutoa floraidi inayozidi sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto hushuhudia.

Ardhi tunayoikanyaga nayo ni kazi ya safari hii. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni udongoni, yakawa asidi dhaifu, yakayeyusha chokaa tone kwa tone. Rasi ya Yucatán, Mexico, karibu haina mito juu kwa sababu mifereji yote iko chini, na visima vyake vya asili ni mapaa ya mapango yaliyoporomoka. Katika mapango yaliyojaa, maji hubeba sehemu ya uzito wa paa. Yakishuka, paa linabaki peke yake. Mei 1981, kipindi ambacho usawa wa maji ulikuwa chini, ardhi ya mji wa Winter Park, Florida, ilifunguka shimo lenye upana wa mita 100 hivi, likameza nyumba, magari na bwawa la kuogelea. Pasipo na chokaa mambo huenda kimyakimya. Shinikizo la maji husaidia kutenganisha punje za mfinyanzi. Likiondoka, zinagandamana, na hazifunguki tena hata maji yakirudi. Bonde la San Joaquin, California, lilishuka karibu mita 9 mahali pamoja kati ya 1925 na 1977. Jiji la Mexico limezama zaidi ya mita 10 sehemu fulani. Nafasi iliyopotea kwenye mfinyanzi huo imepotea moja kwa moja, na hakuna mvua itakayoirudisha.

Kwa hiyo tunapaswa kudai nini? Kwanza, kibali cha kuchimba kijibu swali ambalo sasa hakiulizwi: maji haya yalikuwa yanaelekea wapi kabla hatujayachukua? Chemchemi gani, mto gani, kinamasi cha nani? Kisima cha pampu ya mkono kisamehewe usumbufu huo, lakini shamba la umwagiliaji au kiwanda cha vinywaji lisisamehewe. Pili, kipimo kisiishie siku ya makabidhiano. Tazama kisima kinapokamilika: maji ya tope yanaruka, baada ya saa kadhaa yanang'aa, fundi anateremsha waya wa kupimia ambao hulia unapogusa maji, anaandika kina kabla ya pampu kuwashwa na kila baada ya dakika chache inapovuta. Fomu inaingia kwenye faili. Kisha kifuniko kinakazwa, bila hata kijitundu cha kupitishia waya siku nyingine. Niliwahi kuomba kupima kisima kilichoanza kusuasua, na ikabidi pampu nzima ing'olewe kwanza, gharama ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuibeba. Bomba jembamba la plastiki kando ya lile kubwa lingetosha.

Utafiti wa mwaka 2024 uliopitia vipimo vya visima vipatavyo 170,000 katika nchi zaidi ya 40 ulionyesha kwamba maji yanashuka kwa kasi katika matabaka mengi, na kwamba kuna mahali yamerudi baada ya sera kubadilishwa au maji ya mto kuletwa. Tuliweza kulijua hilo kwa sababu mahali hapo palikuwa na mtu anayepima. Maeneo mengi ya Afrika hayamo kwenye ramani hiyo kwa kukosa vipimo. Tokyo ilibana uvutaji tangu miaka ya 1960 na 1970, jiji likaacha kuzama, na maji yakapanda hadi yakaanza kuvisukuma juu vituo vya treni vya chini ya ardhi vilivyojengwa wakati yalipokuwa yameshuka. Vituo vya Tokyo na Ueno vililazimika kufungwa kwa nanga na kuongezewa uzito visielee. Wahandisi walijua ni kiasi gani cha kuongeza, kwa kuwa walikuwa na visima vya uchunguzi vinavyowaambia maji yamefika wapi.